Serikali ya Marekani na Vitu vya Angani: Jinsi Watu Walivyoacha Kuiamini

Katika mwaka 2019 kampuni ya Gallup, ambayo kazi yake ni kukusanya maoni ya watu, iliwauliza watu wa Marekani kama Serikali yao yajua mambo ya vitu virukavyo visivyotambulikana kuliko inavyowaambia. Katika kila watu 100, watu 68 walijibu, Ndiyo. Lakini walipoulizwa kama vitu hivyo ni vyombo vya viumbe watokao katika nyota nyingine, ni 33 tu katika 100 waliosema kwamba baadhi yake ndivyo vilivyo. Tazameni tofauti hii. Wako watu wengi wasiosadiki habari za wageni wa nyota, na hata hivyo wasadiki kabisa ya kuwa wamefichwa jambo. Hilo ndilo tutakalo kulieleza hapa: si kama wageni wako au hawako, bali jinsi Serikali kubwa, yenye wataalamu na mali nyingi, ilivyochunguza jambo moja kwa miaka zaidi ya sabini, na kila jibu ililotoa likazaa shaka mpya.

Habari ilianza tarehe 24 Juni 1947. Siku hiyo Kenneth Arnold, mtu wa jimbo la Idaho, mwuzaji wa vyombo vya kuzimia moto, alikuwa akirusha ndege yake ndogo karibu na Rainier, mlima mrefu wenye theluji katika jimbo la Washington. Alikuwa akitafuta ndege ya askari iliyopotea milimani, maana aliyeiona angalipewa zawadi ya dola 5,000. Ndege hiyo hakuiona. Aliona vitu tisa ving'aavyo vikipita kwa safu, kwa mwendo aliokadiria kuwa zaidi ya maili 1,200 kwa saa, na wakati ule haikujulikana ndege iwezayo kwenda hivyo. Alipowaeleza waandishi wa magazeti, alisema vilikwenda kama kisahani kitupwacho juu ya maji kikarukaruka. Yeye alieleza mwendo. Wao wakaandika umbo. Basi vikaitwa visahani virukavyo, na kabla ya kupita siku nyingi watu wa majimbo mengi walikuwa wameona visahani. Twaomba wasomaji walikumbuke kosa hilo, kwa sababu si Serikali peke yake iliyopotosha habari hizi.

Baada ya majuma mawili, tarehe 8 Julai, kambi ya ndege za vita ya Roswell, katika jimbo la New Mexico, ilitangaza yenyewe kwamba imepata kisahani kirukacho katika shamba la mifugo. Tangazo hilo halikutoka kwa mlevi wala kwa mtoto. Lilitoka kwa afisa wa jeshi kwa amri ya mkubwa wake. Lakini mara jenerali mmoja huko Fort Worth, Texas, akasema, Sivyo, ni puto la kupimia hali ya hewa tu. Na waandishi wakaonyeshwa vipande vya mpira na vijiti na karatasi ya kung'aa. Watu wakacheka, wakasahau. Habari hiyo ililala miaka thelathini, nasi tutairudia mahali pake.

Mwanzoni mwa mwaka 1948 Jeshi la Anga liliweka watu wa kuchunguza mambo haya, katika kambi yake iliyo karibu na mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Kazi yao iliitwa Sign, maana yake Ishara. Mwaka uliofuata jina likageuzwa likawa Grudge, maana yake Kinyongo, na hatujui kama mwenye kulichagua alifikiri sana, ila jina lilifaa, kwa kuwa tangu hapo wachunguzi walijishughulisha zaidi na kuwatuliza wasemaji kuliko kujua walichokiona. Mwaka 1952 likatolewa jina la tatu, Blue Book, yaani Kitabu cha Buluu, nalo likadumu hata mwisho wa kazi.

Watu hawakuanza kushuku kwa sababu ya visahani, bali kwa sababu ya kifo cha mtu. Tarehe 7 Januari 1948 kitu cheupe kikubwa kilionekana juu ya jimbo la Kentucky, na Kapteni Thomas Mantell, rubani aliyepigana katika vita kuu ya pili, akapanda na ndege yake kukifuata. Akapita futi 20,000 hali hana hewa ya kupumulia, akazimia, na ndege ikaanguka naye. Watu wakauliza alifuata nini. Wakubwa wakajibu, Huenda aliifuata Zuhura. Jibu hilo halikuwaingia watu akilini, maana Zuhura mchana haionekani kama kitu kikubwa, ni nukta tu kwa mwenye kujua mahali pa kuitafuta, na rubani mzoefu hafi kwa ajili ya nukta. Baadaye ikafahamika kwamba yamkini alifuata puto kubwa sana la Jeshi la Maji, liitwalo Skyhook, lililopanda juu kupita ndege zote. Lakini wakati ule puto hizo zilikuwa siri, na wengi katika Jeshi la Anga wenyewe hawakuwa na habari zake. Basi ikawa jambo la ajabu: idara moja ya Serikali ilikuwa na siri, na idara ya pili, kwa kutoijua siri ile, ikatoa jibu la kubahatisha, na watu wakasema Serikali yote inasema uwongo.

Mwezi wa Julai 1952 jambo likafika mlangoni pa Rais. Usiku wa tarehe 19, na tena juma lililofuata, rada za mji mkuu wa Washington zilionyesha vitu vikienda huku na huku juu ya mji, na baadhi ya marubani wakasema wameona mianga. Ndege za vita zikatumwa, zikarudi mikono mitupu. Tarehe 29 Jenerali Samford akawakusanya waandishi, mkutano mkubwa kuliko wote jeshi lililowahi kufanya tangu vita, akasema kwamba huenda ni tabaka la hewa ya moto lililolala juu ya hewa ya baridi, ambalo huweza kuipotosha rada. Jibu hilo laweza kuwa la kweli. Jambo lenyewe lajulikana kwa wataalamu. Lakini mwaka huo peke yake wachunguzi walipelekewa habari 1,501, nao walikuwa watu wachache, na kila mtu aliyejibiwa upesi alijiona amefukuzwa.

Ndipo yalipofanyika mambo ambayo sisi twayahesabu kuwa kosa kubwa kuliko yote. Januari 1953 idara ya ujasusi, yaani CIA, iliwaita wataalamu wachache, mkubwa wao akiwa H. P. Robertson, wakakaa siku chache tu, wakayapima mambo ya miaka mitano. Wakaona hakuna hatari katika vitu vyenyewe. Hatari waliyoiona ilikuwa katika watu: kwamba adui akija kweli, simu za ulinzi zitajaa habari za visahani na onyo la kweli halitapita. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu, kwa kuwa siku zile Marekani ilikuwa ikingoja mabomu ya Urusi. Lakini shauri walilotoa ni hili: watu wafundishwe, kwa sinema na magazeti na televisheni, kuyadharau mambo haya, na vile vyama vya watu wanaokusanya habari zake viangaliwe. Shauri hilo likafungiwa, likakaa miaka mingi kabla ya kutolewa lote. Lilipotoka, kila aliyekuwa amesema, Wanatucheka kwa makusudi, aliinua karatasi akasema, Je, sikuwaambia?

Katika wale waliosema hivyo hakuna aliyesikiwa sana kuliko Donald Keyhoe, meja aliyestaafu, aliyeandika tangu mwaka 1950 kwamba visahani ni vya kweli na jeshi lajua. Mengi aliyoyaandika sisi hatuyasadiki. Lakini tarehe 22 Januari 1958 alialikwa kusema katika televisheni, naye akapewa maneno yaliyokwisha kukubaliwa. Katikati ya kusema akayaacha maneno yale, akaanza kuwaambia watu habari ya halmashauri ya Baraza Kuu iliyokuwa ikilichungulia jambo hili. Mara sauti yake ikakatwa; watazamaji wakaona midomo ikienda bila neno. Wenye televisheni walieleza kwamba alitoka nje ya maneno yaliyoruhusiwa. Yawezekana ndivyo. Lakini hebu mfikirie mtu aliyeketi nyumbani kwake akaona hayo kwa macho yake, ungemwambia nini?

Tena yako yaliyokuwa yakitendeka juu kabisa ya mawingu, ambayo hayakujulikana ila kwa wachache. Tangu mwaka 1955 CIA ilikuwa na ndege ya kupelelezea iitwayo U-2, iliyopanda zaidi ya futi 60,000, wakati ndege za abiria zilikuwa zikienda futi 10,000 au 20,000. Jua likiisha kuzama kwa rubani aliye chini, huko juu lilikuwa lingali likiwaka, na mabawa ya fedha ya ndege ile yalimetameta kama moto. Marubani wakaandika walichokiona, wakapeleka Dayton. Wachunguzi wa Blue Book wakawauliza kwa siri watu wa CIA, wakatazama daftari za safari, wakajua hakika ni nini. Kisha wakamjibu mwandishi wa barua kwamba ameona vipande vya barafu angani au mambo ya joto na baridi. Mwaka 1997 mwandishi wa historia, Gerald Haines, aliyaeleza haya, akasema zaidi ya nusu ya habari zote zilizoletwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960 zilitokana na safari za ndege hizo za siri. Wako wasemao hesabu hiyo imezidi. Na iwe imezidi. Bado ni kweli kwamba watu waliokuwa wameona sawasawa waliambiwa kuwa wameona vibaya.

Sisi waalimu twalifahamu jambo hili. Mtoto akiuliza swali lisilojibika, mwalimu mwenye haya husema lolote lililo karibu, na darasa hutulia. Lakini siku mtoto mmoja akigundua kuwa jibu lile halikuwa kweli, hata jumla ya kesho yake ubaoni ataihesabu mwenyewe kwa vidole, chini ya meza.

Siku hiyo ilifika Machi 1966, katika jimbo la Michigan. Karibu na Dexter watu wa kijiji waliona mianga juu ya bwawa, na huko Hillsdale wanafunzi wa kike wa chuo, zaidi ya themanini, waliona mwanga kama huo kutoka madirishani mwao. Jeshi likamtuma J. Allen Hynek, mtaalamu wa nyota, ambaye alikuwa mshauri wake tangu mwaka 1948. Mtu huyu alikuwa mwaminifu, tena mwenye hadhari. Lakini alikuta waandishi wamejaa na wakubwa wanataka jibu upesi. Akasema kwamba katika mahali pale pawili pengine ni hewa ya bwawani, ile itokayo katika majani yanayooza na kuwaka pole pole. Hakusema kwamba habari zote za nchi ni hewa ya bwawani. Walakini ndivyo ilivyoandikwa, na tangu siku ile maneno hayo yakawa ya mzaha Marekani nzima. Watu wa Michigan wakaona wametukanwa. Mjumbe wao katika Baraza la Wajumbe, Gerald Ford, ambaye mwaka 1974 alikuwa Rais, akaandika kutaka jambo lichunguzwe mbele ya watu. Na tarehe 5 Aprili halmashauri ya majeshi ikakaa kulisikiliza. Hynek mwenyewe akabadilika. Yeye aliyeanza akicheka alimaliza akiwalaumu wenzake kwa kutochunguza, na mwaka 1973 akaanzisha chama chake cha kuchunguza.

Ikaonekana dawa ni kulitoa jambo mikononi mwa askari, kuwapa watu wa elimu. Shauri jema! Oktoba 1966 kazi ikapewa Chuo Kikuu cha Colorado, chini ya Edward Condon, mtaalamu mwenye sifa kubwa katika elimu ya asili ya vitu. Hata wenye shaka wakafurahi. Lakini kabla ya mapatano kutiwa sahihi, Robert Low, msaidizi wa kazi ile, alikuwa ameandika waraka kwa wakubwa wa Chuo, akieleza jinsi uchunguzi uwezavyo kuonekana mbele ya watu wote kuwa hauna upendeleo, na huku mbele ya wataalamu uonekane kuwa ni kazi ya watu wasiosadiki, wasiotazamia kabisa kupata kisahani. Na njia ya kufanya hivyo aliiita kwa neno ambalo kwa Kiingereza laweza kuwa ufundi, tena laweza kuwa hila. Condon naye alisema hadharani, Januari 1967, miezi michache tu baada ya kuanza, maneno ya kuonyesha kwamba haoni kitu cha maana humo. Waraka ukaonekana na watu wa kazi ileile. Wawili waliohusika na kuutoa wakafukuzwa Februari 1968. Na mwezi wa Mei gazeti la Look likaitangaza habari yote.

Hapa twasimama kidogo. Taarifa ya Condon ilipotoka Januari 1969, yenye kurasa zaidi ya 900, ilikuwa na kazi nyingi nzuri ndani yake, na baraza kuu la wataalamu wa Marekani liliisoma likaikubali. Humo vilikuwamo visa kadhaa ambavyo wachunguzi walikiri wazi kwamba hawakuweza kuvieleza. Lakini Condon mwenyewe aliandika sehemu ya kwanza, akasema kwamba miaka 21 ya kuchunguza haikuongeza kitu katika elimu. Aliyesoma mwanzo akaona mlango umefungwa. Aliyefika katikati akaona uko wazi. Na kwa kuwa waraka wa Low ulikuwa umekwisha kusomwa na watu wote, hakuna aliyejali kama hukumu ilikuwa ya haki au si ya haki; walisema iliandikwa kabla ya mashahidi kuitwa.

Tarehe 17 Desemba 1969 Jeshi la Anga likatangaza kuifunga Blue Book. Habari zote zilizokusanywa tangu 1947 zilikuwa 12,618, na katika hizo 701 zilibaki bila kujulikana ni nini. Hesabu hiyo ni kama sita hivi katika kila mia. Mtu mtulivu angalisema: wamefumbua nyingi, wameshindwa na chache, kama kazi zote za wanadamu. Lakini daftari zilipofunguliwa kwa wasomaji mwaka 1976, majina ya mashahidi yalikuwa yamefutwa, kwa kuwahifadhi watu wenyewe, na wasomaji wengi hawakutazama maandishi yaliyobaki. Walitazama mahali palipofutwa.

Sasa twarudi Roswell. Mwaka 1978 afisa mmoja wa zamani, Jesse Marcel, ambaye ndiye aliyekwenda kuokota vile vipande, alisema kwamba havikuwa vya puto la hali ya hewa. Vitabu vikaandikwa, kila kimoja kikaongeza. Mwisho kukawa na maiti za wageni. Mwaka 1994, baada ya mjumbe Steven Schiff wa New Mexico kuudai ukweli, Jeshi la Anga likatoa jibu jipya: lilikuwa puto, ila si la hali ya hewa. Lilikuwa la kazi ya siri iitwayo Mogul, mfululizo wa puto zenye vyombo vya kusikilizia juu angani mshindo wa mabomu ya atomu ya Urusi. Sisi twaisadiki habari hii. Yalingana na vijiti na karatasi. Lakini maana yake ni nini? Ni kwamba Marcel alisema kweli, na jibu la mwaka 1947 halikuwa kweli, na Serikali yenyewe ndiyo iliyokiri, ikiwa imechelewa miaka 47. Mwaka 1995 wakaguzi wa Baraza Kuu wakaongeza kwamba barua za simu zilizopelekwa na kambi ile katika miaka hiyo zilikuwa zimeharibiwa, wala haikuonekana ni kwa amri ya nani. Na mwaka 1997 jeshi likaeleza zile maiti: zilikuwa sanamu za mfano wa watu zilizoangushwa kutoka juu kujaribia miavuli. Waandishi wakauliza sanamu ziliangushwa lini. Jibu: tangu mwaka 1954. Basi watu wakacheka sana, kwa sababu mtu hawezi kuona mwaka 1947 kitu kilichoanguka mwaka 1954, ingawa jeshi lilieleza kwamba wazee huchanganya miaka katika kukumbuka.

Haingekuwa haki kuilaumu Serikali tu. Wako walioitajirisha mifuko yao kwa shaka ya wenzao. Mwaka 1995 ilionyeshwa sinema ya madaktari wakipasua maiti ya kiumbe wa nyota, ikatazamwa katika nchi nyingi, na miaka 11 baadaye mwenye sinema akakubali kwamba ilitengenezwa. Lakini hata katika uwongo wa namna hii mkono wa Serikali haukukosa, maana mtumishi mmoja wa upelelezi wa Jeshi la Anga alikiri kwamba katika miaka ya 1980 alimlisha mfanyabiashara wa New Mexico hadithi za uwongo za wageni wa nyota, ili asiangalie kazi za siri za kambi iliyokuwa jirani yake.

Desemba 2017 gazeti la New York Times likafunua kwamba tangu mwaka 2007 makao ya majeshi yalikuwa yametumia dola milioni 22 kuchunguza tena jambo lile lililosemwa mwaka 1969 kuwa limekwisha. Juni 2021 ikatolewa taarifa ya habari 144, na katika hizo moja tu ilikuwa imefumbuliwa: puto kubwa linalopungua hewa. Julai 2023 afisa wa zamani wa ujasusi, David Grusch, aliapa mbele ya halmashauri ya Baraza la Wajumbe kwamba ameambiwa na wengine ya kuwa Serikali ina vyombo vya wageni. Yeye mwenyewe hakusema ameviona. Machi 2024 ofisi mpya ya makao ya majeshi ikajibu kwa taarifa ndefu iliyopitia historia yote tangu 1945. Ikasema hakuna ushahidi wo wote wa wageni wala wa vyombo vyao. Na kwamba baadhi ya mashahidi walikuwa wameona kweli kazi za siri, ila kazi za wanadamu, wakazidhani nyingine.

Katika taarifa zote tulizozitaja, kwa maoni yetu hiyo ndiyo iliyo karibu na kweli kuliko nyingine. Lakini wako wengi walioikataa siku ileile ilipotoka, wala hawakuhitaji kuipima neno kwa neno. Walisema kesi imeamuliwa na mshitakiwa.

Mjini Roswell kuna jumba la kuonyesha mambo ya visahani, na wageni huenda huko kutoka mbali kutazama sanamu na magazeti ya zamani. Mmoja wa watu walioliweka jumba hilo, mwaka 1991, alikuwa Walter Haut, yule yule afisa aliyepeleka tangazo la jeshi kwa waandishi tarehe 8 Julai 1947.